Kuku wa uani: tunayoambiana huku Mtwara na ukweli wake

Kila msimu wa korosho malipo yakishaingia, mwezi wa kumi na moja kwenda wa kumi na mbili hivi, hapa kwangu Chikongola lazima watu wabishe hodi wanataka mitetea ya kuanzia. Hela ipo mkononi, mtu anaona bora aiweke kwenye kitu chenye uhai kabla haijayeyuka. Na mimi kabla sijamkamatia mtu kuku namuuliza kwanza, umesukumwa na nini mpaka unataka kufuga? Simkatishi tamaa, ni kwamba nimeshaona wengi wanaanza na sababu nzuri kabisa ila imesimama juu ya maneno ya kusikia, miezi sita mbele banda linawekewa kuni.

Neno la kwanza, na ndo linaloua kuku wengi kuliko mwewe, ni kwamba kuku wa kienyeji hana gharama. "Si anajitafutia mwenyewe, na huyo haugui." Kujitafutia anajitafutia kweli, atachakura chini ya mikorosho, atakula mchwa, tandu, mbegu za majani, hapo sibishi. Ila hilo la kutougua jamani hapana. Kuna mdondo, wengine tunauita kideri, ukiingia kwenye kuku ambao hawajachanjwa unaweza kufagia karibu wote. Mimi 2017 nilikuwa na kuku 34, ndani ya wiki moja nikabaki na 4. Alianza mtetea mmoja mwekundu, asubuhi nimefungua banda wenzake wametoka mbio yeye kabaki kwenye kona, manyoya yamesimama, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani kama majani yaliyotwangwa. Kesho yake wawili wanapindisha shingo kama wanaangalia juu mbinguni. Siku ya nne nilikuwa nachimba shimo la tatu la kufukia na wanangu wanalia maana kila kuku walishampa jina.

Na mdondo wangu niliununua mwenyewe. Watu wanasema ni ugonjwa wa upepo, upepo wa kiangazi ukivuma kuku wanakufa, wengine wanasema jicho la jirani. Ukweli ni kirusi, na kwa kiasi kikubwa kinasafiri na kuku wenyewe, kwenye tenga, kwenye viatu, kwenye manyoya yaliyotupwa jalalani. Mwenye kuku akiona wameanza kuzubaa anakimbilia kuwauza haraka kabla hawajafa, wewe unaona bei ya kutupa, unanunua, unamwachia humo humo na wenzake. Nilinunua jogoo mnadani namna hiyo, mkubwa, mzuri, sikumtenga hata siku moja. Siku hizi kuku yeyote mgeni anakaa peke yake wiki mbili nyuma ya jiko, hata angekuwa zawadi ya mama mkwe.

Dawa sasa. Utaambiwa mwarobaini, utaambiwa pilipili kichaa na shubiri kwenye maji, utaambiwa OTC ile ya unga wa njano. Mdondo hauna dawa. OTC ni antibayotiki, inaua bakteria, kirusi hakiguswi, na mwarobaini ukiona kuku kapona ujue huyo alikuwa apone au hakuwa na mdondo toka mwanzo. Kilichopo ni chanjo, na inawekwa kuku akiwa mzima, ukishaona kinyesi cha kijani umechelewa. Chanjo inayotufaa sisi wa huku tusio na friji kila nyumba ni ile ya I-2, inatengenezwa hapa hapa Tanzania na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, na uzuri wake inavumilia joto kuliko zile za zamani, japo kuvumilia sio kuianika juani, ifunge kwenye kitambaa kibichi uiweke kivulini. Tone moja kwenye jicho moja, basi. Jogoo tone moja, kifaranga tone hilo hilo moja. Unarudia kila miezi mitatu.

Tunachanja alfajiri kabla hatujafungua banda, mwanangu mkubwa anawatoa mmoja mmoja, mimi nalaza kichwa pembeni, natupia tone, nasubiri mpaka kuku apepese jicho ndo namwachia, maana ukimwachia mapema anatikisa kichwa tone linaangukia kwenye kanga yako. Kinga yenyewe inahitaji kama wiki mbili kujijenga, kwahiyo usisubiri usikie mtaa wa pili kuku wanakufa. Na chupa moja ina dozi nyingi, ukiwa na kuku 12 peke yako utaona hasara, kwahiyo mchangiane majirani mchanje siku moja, tena ndo vizuri zaidi kwa sababu kuku wa jirani asiyechanja atakuletea balaa uani kwako.

La pili ni hesabu. Hesabu za kuku ni tamu sana kwenye karatasi. Mitetea 10, kila mmoja atotoe 12, mara nne kwa mwaka, tayari 480, zidisha na bei ya Idd, mtu kashanunua bodaboda kichwani. Nenda taratibu. Mtetea wa kienyeji anataga mayai 12 mpaka 15 hivi kisha anaatamia siku 21, halafu akiachwa alee mwenyewe anakaa na watoto miezi miwili, mitatu, ndo arudi kutaga. Hapo mwaka mzima ni mara tatu, sio nne. Mayai yote hayatotolewi, na wanaototolewa wengi hawamalizi mwezi. Mtetea wangu wa kwanza alitotoa 11, nikabaki na 3, kunguru kachukua, nguchiro kachukua, mvua ya usiku ikamaliza.

Kinachobadilisha hesabu ni mwezi wa kwanza. Vifaranga wafungie, usiwaache wazurure na mama yao, tenga kubwa la kufunika linatosha kabisa, maji kwenye kisahani chenye kokoto wasizame, usiku ndani kwenye joto. Wakifika wiki tatu nne unaweza kumtoa mama, unawalea wewe, naye anarudi kutaga mapema. Na wape chakula chenye nguvu, huku tuna bahati, feri ukienda jioni mabaki ya dagaa unapata kwa bei ndogo, kausha, twanga, changanya na pumba na mahindi ya kuparaza. Machicha ya nazi watu wanayamwaga bandani kama ndo chakula kamili, hayana protini ya kutosha na yakilala yanachacha, wape kidogo yakiwa ya leo. Na maganda ya muhogo mchungu mabichi tafadhali usiwape, ile sumu ya muhogo inaua na kuku pia.

Wengine wanakuja kwa ajili ya mayai, wanasema mayai ya kisasa hayana kitu, angalia kiini kilivyopauka. Rangi ya kiini inatoka kwenye chakula. Kuku anayekula majani na wadudu kiini kinakuwa cha njano iliyokolea, aliyefungiwa na mahindi meupe kiini kinapauka, na ganda kuwa jeupe au la kahawia ni mbegu tu. Ladha ni tofauti, hilo nakubali, mimi mwenyewe yai la uani nalijua nikiwa nimefumba macho. Ila protini ni kama gramu 6 kwa yai la kawaida, liwe la kienyeji au la kisasa, na kama mtoto wako anaweza kupata la kisasa kila siku na la kienyeji mara moja kwa mwezi, mpe la kisasa.

Hapa ndo pananiuma. Nyumba zinafuga kuku, mayai yote yanaenda gengeni, na watoto wanakula ugali wa makopa na kisamvu wiki nzima. Mama mjamzito anaambiwa akila mayai mtoto atazaliwa hana nywele. Mtoto mdogo anaambiwa akizoea mayai atakuwa mwizi. Hakuna ukweli hapo hata chembe. Mimba zangu zote tatu nimekula mayai na watoto wana nywele mpaka za kusumbua kusuka. Kama unafuga, toa yai la mtoto na la mjamzito kwanza, lichemke mpaka kiini kigande, yanayobaki ndo uza.

Broila kuchomwa homoni nalo linanifuata kila siku, mtu anataka kuku wa uani kwa kuogopa homoni. Broila anakua wiki tano, sita kwa sababu mbegu yake imechaguliwa miaka na miaka kwa kazi hiyo, na anakula chakula kilichopimwa, homoni hakuna. Cha kuuliza ni antibayotiki. Kila dawa ina siku za kusubiri zimeandikwa kwenye pakiti, usichinje wala kuuza mayai kabla hazijaisha, na hilo linatuhusu hata sisi wa kienyeji tunaomwaga OTC kwenye maji kila kuku akikohoa.

Jogoo, kwa ufupi: mtetea anataga bila jogoo. Jogoo unamtaka ukitaka vifaranga, mmoja anatosha mitetea 10, na umbadilishe na wa mbali baada ya mwaka mmoja hivi asije akapanda watoto wake.

Sababu ninayoiamini mimi kwa huku kwetu ni miezi ile ya katikati, korosho zimeshaliwa, mbaazi na ufuta bado, shule inataka daftari, mjomba kaja kutoka Newala bila taarifa, na msimu wa jando na unyago majogoo yanatafutwa kwa tochi. Kuku wawili watatu wanakutoa, hukopi.

Juzi kaja kijana wa Naliendele na hela ya korosho anataka mitetea 20 kwa mpigo. Banda hajajenga. Nimempa mitetea 5 na jogoo mmoja, wote wamechanjwa, na kwenye kipande cha boksi nimemwandikia tarehe ya tone linalofuata akakibane ukutani. Wale 15 nimemwekea, akija kuniambia kachanja ndo atawakuta.