Fremu ya Raleigh Iliyopimwa Kwenye Mizani ya Chuma Chakavu

Fremu ya baiskeli ninayoieleza hapa niliikuta kwa mnunuzi wa chuma chakavu hapa Morogoro, imelazwa chini ya mabati, haina magurudumu, kiti wala usukani, ila uma wake, unaoshika gurudumu la mbele, na ekseli ya pedali vilikuwa bado mahali pake. Iliuzwa kwa kilo, kama nondo. Nilikuwa nimejiwekea shilingi 70,000 kwa kazi nzima, na kwa kuwa tairi mbili na tyubu zake zingemeza karibu nusu ya fedha hizo, sikuweza kununua fremu ambayo baadaye ingenidai kuchomelewa.

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji kifaa. Nilichukua sarafu nikagonga kila bomba kuanzia juu hadi chini, kwa sababu chuma kizima hulia na chuma kilicholiwa na kutu kwa ndani hutoa sauti ya kufa. Kisha nikasukuma ncha ya bisibisi kwenye bomba la kiti, karibu na ekseli ya pedali, ambako maji yanayoingilia juu hutuama. Rangi iliyofura kama lengelenge pembeni mwa viungio huwa naitazama kwa shaka zaidi kuliko kutu ya wazi, maana mara nyingi huficha ufa. Viungio vya fremu hizi vimeungwa kwa shaba, na mabomba yenyewe ni membamba. Ukikuta mtu amekwisha kupiga welding ya umeme juu ya kiungio, na hasa kwenye uma, iache hapohapo hata kama unapewa bure.

Jambo la pili ni unyoofu. Nilifunga mshipi wa kuvulia samaki kwenye nafasi ya ekseli ya nyuma upande wa kushoto, nikaupitisha mbele kuzunguka bomba la usukani, nikaurudisha nyuma upande wa kulia na kuuvuta ukakaza. Kisha nikapima umbali kati ya mshipi na bomba la kiti: kushoto milimita 31, kulia 25. Tofauti ya milimita 2 ningeivumilia. Hii ya 6 ilimaanisha kwamba mkia wa fremu umeegemea upande mmoja na gurudumu la nyuma lisingefuata la mbele. Chuma laini cha baiskeli za namna hii hunyooshwa kikiwa baridi, kwa mbao ya mbili kwa nne iliyotiwa kati ya mabomba ya nyuma na kusukumwa kidogo kidogo, huku ukipima kila baada ya msukumo. Moto hauhitajiki, na anayekuambia upashe kwanza hajawahi kuona shaba ikilegea kwenye kiungio.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Gia ya mbele ya fremu hii ilikuwa imekatwa umbo la korongo watatu, alama ya Raleigh wa Nottingham, Uingereza. Kwa fundi, korongo hao ni onyo. Baiskeli nyingi za aina hii kutoka India na China hutumia vikombe vya ekseli ya pedali, yaani vile vinavyoshika gololi zake, vyenye hesi (mistari ya skrubu) ya mistari 24 kwa inchi, lakini Raleigh wa Nottingham walikuwa na hesi yao wenyewe ya mistari 26. Kikombe cha dukani kitaingia mizunguko miwili ya kwanza bila kulalamika, halafu kitakaza, na ukikilazimisha kitakula hesi ya fremu. Nasema hivi kwa kuwa nilipoanza kazi niliharibu fremu moja kwa njia hiyohiyo, na mwenye nayo hakurudi tena. Kwa hiyo vikombe vya zamani usivitupe, hata vikiwa vibaya kiasi gani kwa macho. Vyangu nilivilaza usiku mmoja kwenye siki, nikavisugua kwa msasa laini, na mikwaruzo iliyobaki ilikuwa midogo. Kile cha kulia, ambacho hufunguka kinyume cha nati za kawaida, sikukitoa kabisa. Nilikisafisha kikiwa ndani.

Gololi ndizo nilizonunua mpya, za robo inchi, 11 kila upande, nikazipanga moja moja kwenye grisi bila kile kizimba chake cha bati. Kizimba hurahisisha kazi ya fundi, lakini hupunguza idadi ya gololi zinazobeba mzigo. Gharama ya gololi hizo haikufika hata bei ya soda chache.

Magurudumu hayana mengi ya kusimulia. Rimu zilikuwa za inchi 28 za mtumba, na sharti ni kuhesabu matundu kabla ya kulipa: habu zangu (vitovu vya magurudumu) za mtindo wa Kiingereza zilitaka spoki 32 mbele na 40 nyuma. Rangi niliipaka mwisho kwa brashi, juu ya rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na pesa zilipoisha kabla ya kupaka uma sikusikitika sana.

Kilichobaki ni kota pini, ile inayobana mkono wa pedali kwenye ekseli, kipande kidogo ambacho huharibu kazi kubwa. Pini mbili lazima zielekee pande zinazopingana, la sivyo pedali hazitakuwa kwenye mstari mmoja. Na kabla ya kupiga nyundo, egemeza mkono wa pedali juu ya kipande cha bomba kilichosimamishwa sakafuni, ili pigo liishie chini badala ya kupita kwenye ekseli na kutoboa vishimo kwenye vikombe ulivyohangaika kuviokoa. Nati yake si ya kuvuta pini ndani; kazi yake ni kuishikilia baada ya nyundo. Nilimwambia mteja aliyeichukua airudishe baiskeli baada ya siku tatu, maana pini mpya hujikalia upya inapokanyagwa. Alirudi siku ya tano, mkono wa kushoto ukilia. Nilipiga mapigo mawili, nikakaza nati robo mzunguko, akaondoka.