Lefebvre: dhana potofu kuhusu jina la wahunzi wa Ufaransa

Lefebvre, Lefèvre, Fabre, Faure, Favre: majina haya yote yametoka kwenye neno moja la Kilatini, faber, yaani fundi, na zaidi fundi wa chuma. Ni miongoni mwa majina ya ukoo yaliyoenea sana Ufaransa, na wanaotafuta nasaba zao hupotezwa njia na mambo yaleyale kila mara.

Dhana: Kina Lefebvre wote wametokana na babu mmoja

Si kweli, na sababu yake utaipata kijijini. Katika Zama za Kati kila kijiji kilimhitaji mhunzi: wa kufua majembe, kuwavisha farasi viatu, kutengeneza bawaba na misumari. Pale ambapo karibu watu wote ni wakulima, kumwita mtu "mkulima" hakumtofautishi na jirani yake. Mhunzi, lakini, mara nyingi alikuwa mmoja, basi ukisema "Jean mhunzi" kila mtu anajua ni nani. Kuanzia karne ya 11 na ya 12 hivi, majina ya aina hiyo yalianza kushuka kutoka kwa baba kwenda kwa watoto, hata kama mtoto alikuwa mfumaji au mchunga kondoo. Jambo hilo lilitokea kijiji baada ya kijiji, kila kimoja kivyake. Kwa hiyo Lefebvre wa Somme na Lefebvre wa Normandie, mikoa miwili ya kaskazini, huenda hawana hata tone moja la damu ya pamoja.

Kinachosaidia zaidi ni umbo la jina, kwa sababu linaonyesha upande wa nchi. Lefebvre na Lefèvre ni ya kaskazini. Fabre na Faure ni ya kusini, kwenye lugha ya Kioksitani: Jean-Henri Fabre, mtafiti mashuhuri wa wadudu, alizaliwa Saint-Léons mwaka 1823, na mtunzi wa muziki Gabriel Fauré alizaliwa Pamiers mwaka 1845. Favre utalikuta sana Savoie na Uswisi. Bretagne, mhunzi huyohuyo ni Le Goff.

Dhana: Tahajia moja ndiyo sahihi, nyingine ni makosa

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Katika Kifaransa cha kale mhunzi aliitwa fevre, bila b. Makarani waliosoma Kilatini ndio walioirudisha b kwa kalamu, ili neno lifanane na faber. Ilikuwa na faida nyingine pia: enzi hizo u na v ziliandikwa kwa namna moja, na b iliyotangulia ilimwonyesha msomaji kwamba inayofuata ni v. Hata hivyo wapo walioisoma v hiyo kama u, na hivyo likazaliwa jina Lefébure.

Mtu mmoja aliweza kubatizwa Lefebvre, akaoa akiwa Lefevre, akazikwa akiwa Lefebure. Paroko aliandika alivyosikia au alivyozoea, na waumini wengi hawakujua kusoma. Msomi Jacques Lefèvre d'Étaples, ambaye Biblia yake ya Kifaransa ilichapwa Antwerpen mwaka 1530, alijiita Faber Stapulensis kwenye vitabu vyake vya Kilatini. Tahajia zilitulia hasa baada ya mwaka 1877, familia zilipoanza kupewa kijitabu rasmi cha familia. Anayetafuta wazee wake kwa tahajia moja tu atawapita bila kuwaona.

Dhana: Mfalme ndiye aliyewapa watu majina mwaka 1539

Amri ya Villers-Cotterêts ya mwaka huo iliagiza parokia ziweke rejista za ubatizo. Majina ya ukoo yalikuwepo tayari.

Dhana: Lefebvre wana nembo yao

Wapo wafanyabiashara wanaouza ngao nzuri yenye maandishi "nembo ya ukoo wa Lefebvre". Usinunue ukidhani ni urithi wako. Ufaransa, nembo ni ya familia fulani, haiwi ya kila mwenye jina hilo. Wala haithibitishi uungwana, yaani kuwa wa tabaka la makabaila. Mwaka 1696 Mfalme Louis XIV, akihitaji fedha za vita, aliamuru nembo zisajiliwe kwa malipo, na mtu wa kawaida alitozwa livre 20, fedha ya Ufaransa ya wakati huo. Mafundi na wachuuzi waliingizwa kwenye orodha, na waliochelewa walibuniwa nembo na makarani, watake wasitake. Lefebvre aliyepata cheo kikubwa kuliko wote, Marshali François Joseph Lefebvre wa Rouffach, hakuzaliwa muungwana. Napoléon alimfanya duke wa Danzig baada ya kuuteka mji huo mwaka 1807.

Dhana: Mwanamke akiolewa anapoteza jina lake

Sheria ya Agosti 1794 ilisema raia asitumie jina lolote zaidi ya lile lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, na msingi huo bado upo. Jina la mume ni la matumizi tu. Tangu mwaka 2005 mtoto anaweza kupewa jina la mama, la baba au yote mawili, na tangu Julai 2022 mtu mzima anaweza kwenda ofisi ya meya, mara moja tu maishani, akachukua jina la mzazi mwingine. Binti wa Bi. Lefebvre, aliyeandikwa kwa jina la baba yake tangu utotoni, leo anaweza kuwa Lefebvre kwa kujaza fomu.