Maharagwe ya Kuoka Ni Yapi Hasa?

Kila hoteli ya watalii Malindi sasa ina sinia la "maharagwe ya kuoka" asubuhi, na ukichungulia ni maharagwe ya kopo yaliyomwagwa yakapata moto. Jina hilo limetumiwa vibaya kiasi cha kutosha.

Maharagwe ya kuoka ni maharagwe makavu yaliyorowekwa, yakachemshwa hadi yakalainika, kisha yakatiwa kwenye chungu pamoja na kitunguu, haradali, mafuta na kitu kitamu, yakafunikwa na kuachwa kwenye oveni ya moto mdogo saa sita hadi nane. Basi.

Yale ya kopo kwa kawaida hayaokwi. Kiwandani hupitishwa kwenye maji moto, hutiwa koponi na mchuzi wa nyanya, kopo huzibwa, na humo humo yanaivishwa kwa mvuke. Kampuni ya Heinz ilianza kuyauza London mwaka 1886, katika duka la Fortnum & Mason, duka la wenye nazo. Upishi wenyewe, ule wa chungu, ni wa Boston na majirani zake huko Marekani. Wapuritani wa kule, Wakristo wa Kiprotestanti walioshika dini kwa ukali, hawakupika siku ya Sabato, na Sabato yao ilianza Jumamosi jua linapotua. Mtu wa Lamu hahitaji kufafanuliwa hilo, maana kwetu pia usiku wa Ijumaa huanza Alhamisi jua linapotua. Chungu kiliingizwa kwenye tanuri la matofali mapema, na tanuri likapoa nacho polepole. Utamu ulitoka kwa molasi, ule utomvu mweusi unaobaki miwa ikitengenezwa sukari, na mafuta yalikuwa ya nguruwe. Hapa tunatia sukari guru, na samli au mafuta ya ng'ombe.

Kosa la pili liko kwa wenyeji: kudhani kwamba kuoka ni kupika polepole tu. Maharagwe ya nazi yaliyokaa jikoni tangu asubuhi yamechemka polepole, na ni matamu, lakini hayakuokwa. Moto wa jiko unatoka chini peke yake, na maadamu mna maji ya kutosha, joto la chungu halipiti nyuzi 100. Kuoka kunataka joto lizunguke na kushuka kutoka juu. Saa za mwisho mfuniko unaondolewa, maji ya juu yanakauka, na ngozi ile ya juu inapita nyuzi 100, inakuwa ya kahawia na kushikana. Asiyeiona ngozi hiyo hajaoka.

Na mtu asiniambie hana oveni. Mikate ya sinia imeokwa miaka mingi kwa kupalia: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko wa bati. Chungu cha maharagwe kinakubali hivyo hivyo, mradi makaa yawe yamefifia na mtu awe karibu kuyaongeza. Hapo huhitaji kuondoa mfuniko, joto la juu linakausha lenyewe.

Sukari guru na nyanya zisitangulie. Uchachu wa nyanya unaimarisha ganda, na ukizitia maharagwe yakiwa bado magumu, yatabaki magumu hadi magharibi. Maharagwe mekundu nayo yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya moto mdogo, kwani yana sumu ambayo joto dogo haliiondoi, na mwenye kuyala hivyo atatapika.

Jirani akikuletea sahani ya maharagwe ya kopo aliyoyakaangia kitunguu na pilipili, pokea, kula, mshukuru. Akisema ameyaoka, mwambie kwa upole: "Dadangu, haya umeyaunga, na yameungika kweli."