Plagi Ikiungua, Fyuzi Haina Kosa

Jamani, shoti haiyeyushi pini moja ya plagi ikaiacha ya pili inang'aa. Kila mara naletewa pikipiki ya umeme, plagi ya betri imevimba upande mmoja, na mwenyewe keshatoa hukumu: "Fundi, imepiga shoti." Wengine wameshaweka na fyuzi kubwa zaidi. Fyuzi imewakosea nini?

Ingekuwa shoti, ampea, yaani wingi wa umeme unaopita, zingepanda ghafla na fyuzi ingekatika. Hapa ampea hazijapanda. Kilichopanda ni ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, pale pini inapogusana na soketi. Tunaupima kwa miliomu. Piga hesabu: ampea 40 zikipita kwenye miliomu 1, joto ni wati 1.6, hulisikii. Ukinzani ukifika miliomu 10, ni wati 16 ndani ya kiplastiki kidogo vile. Fyuzi inaona ampea zilezile 40, inanyamaza. Joto linalegeza soketi, soketi ikilegea ukinzani unazidi, mpaka plastiki iyeyuke.

Chumvi ya hewa yetu ya Mombasa ina lake, lakini mie nalaumu mtikisiko kwanza. Pini iliyopakwa bati ikichezacheza kidogo tu, bati linakwaruzika, linaliwa na hewa, unga mweusi unakaa katikati. Halafu cheche: ukichomeka betri ya volti 72, kapasita (vihifadhi umeme) za kontrola, kile kisanduku kinachoongoza mota, zinavuta umeme kwa mkupuo, na ile "ta!" inachimba vishimo kwenye pini.

Tepu nyeusi acheni. Mvua inapenya tu, kisha tepu inazuia maji yasitoke.

Cha kuzuia maji ni grisi ya silikoni. Haipitishi umeme, ndiyo, najua, msinipigie kelele. Pini inayobana vizuri inaisukuma pembeni, chuma kikagusana na chuma, nayo inabaki kuzunguka ikizuia hewa na maji. Plagi za mota na kontrola nazipaka kidogo. Ya betri inayochomolewa kutwa nasitasita, maana mchanga unanata, na mchanga ni msasa. Naisafisha naiacha kavu. Kuna fundi mwenzangu ananicheka, na huenda ana haki.

Imeshaungua? Badilisha dume (lenye pini) na jike (soketi) pamoja. Dume jipya ndani ya jike lililolegea ni kazi bure.

Kupima: mita kwenye milivolti, ncha moja upande wa dume, ya pili upande wa jike, kwenye pini ileile, pikipiki ikivuta mzigo. Kwa ampea 40, milivolti 40 si neno. 400, badilisha leo. Gurudumu likiwa hewani kwenye stendi mita haitakwambia kitu. Huna mita? Vuka Daraja la Nyali na abiria, simama, gusa plagi kwa nje. Ikiwa na moto kuliko waya wake, ilete.