Mbawakawa bapa wa chini ya gome ni mdudu gani?

Bandua gome la mti ulioanguka, utomvu ukiwa bado unachacha ndani, na huenda akachomoka mdudu mweusi wa kung'aa, bapa kama aliyepigwa pasi. Wengi humdhania mtoto wa mende. Huyo ni mbawakawa wa familia ambayo wataalamu huiita Histeridae, na wale bapa kupita kiasi wengi wao ni wa jenasi Hololepta.

Rangi haikusaidii, maana mbawakawa weusi ni wengi mno. Tazama mgongo. Mbawakawa ana mbawa mbili ngumu zinazofunika zile laini za kurukia, na hukutana katikati kwa mstari ulionyooka. Za huyu ni fupi: haziufikii mwisho wa mwili, hivyo pingili mbili za mwisho za tumbo hubaki wazi. Kisha angalia vipapasio. Vya mende ni virefu na vyembamba; vya huyu ni vifupi, vimepinda mfano wa kiwiko, na ncha zake zimevimba. Taya nazo zimechomoza mbele.

Ubapa una kazi yake. Kati ya gome na mti mna funza wa nzi na wa wadudu wengine, naye huwawinda humo humo. Basi si yeye aliyeua mti. Watoboaji wengi wa gome ni wadogo, miili yao ya mviringo kama bomba, nao huacha vijia vilivyochongwa na vumbi la unga. Kumpulizia dawa mwindaji ni hasara tupu.

Familia hii imewahi kupewa kazi kwetu. Dumuzi, mharibifu wa mahindi ambaye baadhi ya Watanzania walimbatiza Scania, alitoka Amerika ya Kati akaingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1992 Kenya ilimwachilia adui yake wa huko kwao, Teretrius nigrescens. Naye ni Histeridae, ila mwili wake ni wa mviringo, kwa kuwa humfuata dumuzi ndani ya matundu.

Kufikia jina la spishi ni kazi ya hadubini: hukaguliwa mistari midogo ya mgongoni, na mara nyingine viungo vya uzazi vya dume. Ukitaka kuwauliza wenye ujuzi, mathalani Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, piga picha ya mgongo, ya tumbo na ya ubavu, weka rula kando, na utaje mti ulikuwa wa aina gani na umekufa tangu lini.