Ugonjwa wa Lyme: kipimo, doa na daktari anayejua kazi

Mswahili anayehamia Maine au Pennsylvania huonywa kuhusu baridi na theluji. Kuhusu kupe hakuna anayemwambia kitu. Na huko ndiko ilikotanda Lyme, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na kupe: kaskazini-mashariki mwa Marekani, pamoja na majimbo kama Minnesota na Wisconsin. Ulaya nako ipo. CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, hukadiria kuwa watu wapatao 476,000 hugunduliwa na kutibiwa nchini humo kila mwaka. Maneno ya mitaani kuhusu ugonjwa huu nayo ni mengi, na baadhi yake humchelewesha mgonjwa.

"Kipimo kimetoka hasi, basi sina."

Dhana hii ndiyo inayoumiza wengi. Kipimo cha kawaida hakitafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Ukipimwa siku chache baada ya doa la Lyme kutokea kwenye ngozi, majibu hasi hayana uzito. Ndiyo maana daktari anayejua kazi, akiona doa linalotanuka kwa mtu anayeishi kwenye eneo la kupe, humwandikia antibiotiki ya doksisaiklini siku hiyohiyo bila kungoja maabara. Kama doa halipo na shaka ipo, damu hupimwa tena baada ya wiki chache.

Upande wa pili hausemwi sana, maana hauwafurahishi watu. Mwezi na nusu hivi ukishapita tangu uambukizwe, kipimo cha hatua mbili (cha kwanza, kisha cha pili cha kuthibitisha) huaminika. Aliyeugua mwaka mzima na kipimo hicho kikatoka hasi, atafutiwe sababu nyingine. Tena kingamwili hubaki mwilini miaka mingi, kwa hiyo kurudia kipimo ili kuona kama umepona ni kutupa pesa.

"Bila duara kama shabaha, si Lyme."

Doa huwatokea wagonjwa 70 hadi 80 katika kila 100, kati ya siku ya 3 na ya 30 baada ya kuumwa na kupe. Mengi huwa na rangi moja tu, bila duara ndani ya duara. Hapa sisi wenye ngozi nyeusi tuna la kuangalia zaidi. Picha nyingi za mafunzo ni za ngozi nyeupe, ambako doa ni jekundu wazi. Kwenye ngozi yetu huweza kuwa la zambarau au kahawia iliyokolea, ukadhani umejigonga damu ikavilia. Huko Marekani imeonekana kuwa wagonjwa weusi hugunduliwa mara nyingi zaidi wakati goti limeshavimba.

Simama karibu na dirisha mchana, umwombe mwenzako akukague kinenani, kwapani, nyuma ya magoti na mgongoni. Apitishe nyuma ya kiganja. Doa la Lyme huweza kuwa na joto, lakini kwa kawaida haliwashi wala haliumi sana. Lizungushieni mstari wa kalamu ukingoni, mpige picha kila siku sarafu ikiwa pembeni. Likivuka mstari na kuendelea kukua, nenda kliniki na hizo picha.

"Sikuona kupe yeyote."

Wengi hawamwoni. Kupe mchanga, anayeambukiza zaidi kati ya Mei na Julai, ni mdogo kama mbegu ya mchicha, na hauhisi akiuma. Ukimkuta, mvute taratibu kwa kibano chenye ncha nyembamba, karibu kabisa na ngozi. Mafuta ya taa na kiberiti achana navyo. Kwa kawaida anahitaji zaidi ya saa 24 akiwa amenata ndipo aambukize.

"Ni homa ya papasi tu."

Hapana, ingawa ni ndugu. Papasi wetu hujificha kwenye nyufa za nyumba za udongo, huuma usiku, na bakteria wake ni *Borrelia duttonii*. Wa Lyme ni *Borrelia burgdorferi*, na kupe wake hukaa kwenye majani na vichaka. Kuna la kuchanganya zaidi: kupe huyohuyo wa Lyme huweza kubeba babesia, kimelea ambacho chini ya hadubini hufanana na cha malaria. Ukirudi Dar au Mombasa ukitokea Connecticut mwezi Julai na homa ikakupanda, taja safari hiyo kabla hujachomwa kidole.

"Tafuta bingwa wa Lyme."

Hakuna bodi ya udaktari inayotambua ubingwa huo. Daktari wa familia wa eneo lenye kupe huona Lyme kila kiangazi, na mara nyingi anatosha. Goti likivimba, nenda kwa daktari wa viungo. Uso ukipooza upande mmoja, wa mishipa ya fahamu. Mambo yakivurugika, wa magonjwa ya kuambukiza. Mapigo ya moyo yakipungua au ukizimia, kimbilia dharura. Utamjua anayefaa kwa maswali yake: unaishi wapi, umepita wapi, lini. Atakuomba uvue nguo akague ngozi.

Wa kumtilia shaka ni yule anayetaka fedha taslimu, anayepima mkojo kutafuta Lyme, na anayekuwekea dripu ya antibiotiki kwa miezi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2001 yalitoa antibiotiki kwa siku 90. Waliozipata hawakupata nafuu zaidi kuliko waliopewa dawa bandia. Uholanzi walipata matokeo kama hayo mwaka 2016. Mwaka 2017 CDC ikaeleza wagonjwa waliopata maambukizi mabaya kutokana na tiba za aina hiyo, vifo vikiwemo.

"Wanaoendelea kuumwa baada ya dawa wanajidekeza."

Uongo mtupu. Wagonjwa 5 hadi 10 katika kila 100 hubaki na uchovu, maumivu na ukungu wa akili kwa miezi kadhaa, na sababu haijathibitika. Ugonjwa wenyewe ulijulikana kwa sababu Polly Murray, mama wa mji wa Lyme, Connecticut, alikataa kupuuzwa: mwaka 1975 aliwasukuma maofisa wa afya mpaka daktari Allen Steere wa Chuo Kikuu cha Yale akaja kuchunguza. Bakteria aligunduliwa mwaka 1981 na mwanasayansi Willy Burgdorfer. Daktari mzuri humwamini mgonjwa wa namna hii, hutibu maumivu na usingizi wake, na huangalia pia tezi ya shingo, upungufu wa damu na sonona, bila kumwongezea antibiotiki ambazo hazitamsaidia.