Kwa nini pua haitoshi kwenye visima vya mvuke vya Olkaria?

Ukitembea mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya, na upepo ukavuma kutoka upande wa mitambo ya Olkaria, utasikia harufu ya yai viza. Hiyo ni hidrojeni salfaidi, gesi inayopanda pamoja na mvuke kutoka ardhini. Umeme wa jotoardhi umekuwa ukizalishwa hapo tangu 1981, na visima vingine vimechimbwa hadi karibu kilomita 3. Sasa, gesi yenye harufu kali namna hiyo si inajitangaza yenyewe? Mbona anayefanya kazi kwenye visima vya mvuke huvaa kifaa cha kuipima, tena karibu na kola ya shati?

Jibu ni kwamba pua huinusa gesi hii ikiwa kidogo, kisha huacha kuinusa inapozidi. Watu wengi huihisi hata kabla haijafika sehemu 1 katika sehemu milioni za hewa. Kiwango hicho kinakera tu. Ikifika sehemu 100 hivi, mishipa ya kunusa hufa ganzi ndani ya dakika chache, na mtu hudhani gesi imetawanyika, kumbe ndiyo kwanza imezidi. Kwenye sehemu 500 hadi 700 mtu huyumba na kuanguka ndani ya dakika chache. Ikikaribia 1,000, pumzi moja au mbili zinatosha kumzimisha. Hata hewa ikiwemo mapafuni, chembe za mwili haziwezi tena kuitumia oksijeni yake, na kupumua hukoma.

Ndiyo maana vifaa vingi hutegwa vilie mapema, kwenye sehemu 10, na vikilia hakuna mjadala: unaondoka. Unaondoka kwa kukabili upepo na kupanda mahali pa juu, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa. Uwanjani, upepo huipeperusha. Hatari kubwa iko kwenye mitaro na kwenye shimo la zege linalozunguka kichwa cha kisima, penye vali. Huko gesi hutuama, hasa siku isiyo na upepo, na huko ndiko fundi anakolazimika kuinama.

Linalouma zaidi ni kwamba mara nyingi hafi mmoja. Mwenzake anamwona ameanguka, anaruka kumtoa, naye analala hapo hapo. Vyoo vya shimo na mashimo ya majitaka huua kwa mtindo huo huo: wa kwanza anashuka kufukua au kutafuta simu iliyodondoka, wa pili anamfuata. Kwa maoni yangu, sheria ngumu kuliko zote kazini ni ile inayomkataza mtu kumfuata rafiki yake shimoni bila barakoa yenye mtungi wa hewa. Mwili wote unakataa kuitii.

Halafu kifaa hicho nacho kina upofu wake. Kikiwa kimetengenezwa kutambua hidrojeni salfaidi peke yake, hakitaiona kabonidioksaidi, ambayo kwa kawaida ndiyo sehemu kubwa ya gesi zinazoandamana na mvuke wa jotoardhi. Hiyo haina harufu hata chembe, na nayo hutuama chini. Kwa hiyo kabla ya mtu kushuka shimoni, hupimwa pia kabonidioksaidi na oksijeni, na mwenzake hubaki juu akimwangalia muda wote.